Mwandika Makosa wa Las Pascualas

Mara ya kwanza kwenda kwa don Silvano Frett nilikwenda kumnunua. Nilichukua kuku wawili hai, nimewafunga miguu, na chupa ya ramu ya miaka saba, nikabisha mlango wake Jumatatu asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakati ule nilikuwa na mpigaji mmoja wa besiboli, kijana mzuri wa kuuzika, na jana yake don Silvano alikuwa amemnyima pigo. Mpira ulikwenda kwa mlinzi wa kituo cha pili, ukamgonga kifuani, ukaanguka, na kijana wangu akafika salama kituo cha kwanza. Uwanja mzima ulisema pigo. Don Silvano, aliyekuwa mwandika alama wa ligi yetu, akaandika kosa la mlinzi, yaani kijana amefika kwa uzembe wa mwingine, si kwa gongo lake. Kwa mtu wa nje hilo ni neno moja tu daftarini. Kwangu mimi ninayekula kwa kuziuzia timu za wageni vijana wapigaji, neno hilo lilimshusha kijana chini ya mapigo matatu kwa kila zamu kumi, na mpigaji akiwa chini ya hapo simu yangu huwa haiiti.

Don Silvano alinisikiliza mpaka mwisho. Akawatazama kuku, akaitazama chupa.

"Hawa wana macho," akasema, akanirudishia kuku. "Watanikodolea mpaka nione haya."

"Na ramu je, don Silvano?"

"Ramu haina macho. Asante sana, mwanangu. Karibu tena."

Jumapili iliyofuata nilipita mezani kwake kuangalia. Kosa lilikuwa pale pale, na naona kama lilikuwa limekolezwa kidogo. Katika kazi hii nimepunjwa na watu wengi, lakini huyo ndiye wa kwanza kuninywea ramu yangu kwa moyo mweupe kabisa. Tangu siku hiyo nikawa nampenda, ingawa sikumwambia, maana mtu wa biashara hasemi bei yake mapema.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto la Agosti. Babu zake walikuja kutoka visiwa vidogo vya Waingereza kukata miwa, kama nusu ya watu wa Las Pascualas, na yeye mwenyewe alikuwa mpima miwa wa kiwanda cha sukari kwa miaka ishirini na miwili. Mkata miwa huleta mkokoteni wake, ng'ombe wanapanda juu ya mizani, na mpimaji anasoma. Wapimaji wengine walikuwa na kidole kizito. Tani nne zikipanda, zinashuka tatu na robo. Don Silvano alisoma alichokiona. Matokeo yake wakata miwa wakajua zamu zake. Wakawa wanasubiri na mikokoteni imejaa, foleni inafika hadi kanisani, huku mizani ya pili imekaa bure na mpimaji wake anapiga miayo. Mwishowe wasimamizi wakamstaafisha mapema. Barua yake ilisema sababu ni msongamano wa magari.

Mkewe, doña Iantha, ameitundika barua hiyo ukutani, karibu na picha ya harusi. "Mwanamume pekee katika mkoa wa San Pedro," huwaambia wageni, "aliyefukuzwa kazi kwa kupendwa na ng'ombe."

Ligi yetu ilimchukua mwezi huo huo. Timu tano, uwanja mmoja, michezo ya Jumamosi na Jumapili, na yeye aliiandika yote, bila kuinuka kitini ila kwa wimbo wa taifa. Mama wa wachezaji walimletea sahani za wali, maharage na nyama, kila mmoja akiweka yake karibu na penseli kwa bahati mbaya. Doña Iantha alizifunika zote kwa kitambaa mpaka mtu wa mwisho atolewe. Ndipo don Silvano alipokula, na alikula zote, za walioshinda na za waliolia.

Sasa nieleze habari ya miwa, kwa sababu bila hiyo hakuna kisa. Uwanja wa Las Pascualas hauna ukuta upande wa kushoto. Una shamba la kiwanda, na miwa inaanza karibu mno, hatua sabini tu nyuma ya kituo cha tatu. Zamani mpira ukiingia humo mlinzi wa kushoto alikimbia kuutafuta. Lakini walinzi wa kushoto walikuwa wakipanda mipira ndani ya miwa kabla ya mchezo, mitatu minne kila mmoja, hivyo mpira ukiingia tu wanatoka na mwingine mkononi, mpya, umekauka, na mpigaji hajafika hata kituo cha kwanza. Siku moja walinzi wawili walitoka na mipira miwili kwa wakati mmoja. Vita vilivyofuata vilivunja viti vyote vya ligi. Basi ikawekwa sheria: mpira ukiingia kwenye miwa, haijalishi umeingiaje, mchezo unasimama na mpigaji anapewa vituo viwili. Sheria hiyo ina miaka thelathini. Hakuna tena anayeiona, kama vile mtu asivyoiona pua yake.

Mimi nilikuwa nimeuza wapigaji watatu kutoka uwanja huo. Wote walifika kaskazini, kwenye timu za wale wageni, wakaacha kupiga. Nilisingizia baridi.

Mwaka uliotangulia kimbunga Georges nilikuwa na vijana wawili chini ya paa langu. Mmoja ni Bembo Lantigua, mpigaji, mapigo hamsini na manane katika zamu mia na sabini, na simu ilikuwa ikiita kweli kweli. Wa pili ni Remigio Hodge, tuliyemwita Kanga, kama yule ndege, kwa jinsi anavyokimbia shingo imetangulia. Kanga alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali panapofikiwa na mipira mingi kuliko pengine popote. Nilimlisha miaka mitatu. Alikuwa haongei, na mpira ulimpenda na kumchukia kwa siku moja. Aliufikia mahali ambapo binadamu hafiki, halafu akautupa jukwaani kwenye sufuria ya mtu. Hadi Novemba alikuwa na makosa thelathini na moja.

Na muda ulikuwa umekwisha. Januari Kanga angetimiza miaka ishirini, na mlinzi wa miaka ishirini ambaye hajasainiwa hakuna anayemtaka hata akitolewa bure kama nyongeza ya nyanya. Mama yake, doña Celestine, alikwisha kumtafutia kazi kiwandani ya kupakia miwa kwenye mabehewa, kuanza msimu wa mavuno, Desemba.

Skauti, msaka vipaji wa timu moja ya kaskazini, alikuja Jumanne, Mpuertoriko mmoja jina lake Ferrán, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Aliangalia, akapima mbio kwa saa yake, akachukua karatasi ya hesabu kutoka ofisi ya ligi. Jioni akaniambia kwamba Jumamosi angemsaini Bembo kwa fedha nzuri. Mlinzi alihitaji pia, mmoja tu.

"Nitamchukua yule Olbés Payano wa timu ya pili," akasema. "Makosa tisa. Wako ana thelathini na moja. Mimi si mwendawazimu."

Olbés alikuwa wa mwenzangu mwingine wa biashara, mtu nisiyempa hata maji. Mikono yake waliiita hariri.

Kesho yake mchana nilikuwa mlangoni kwa don Silvano. Safari hii sikuleta kuku.

"Don, nataka kumi na tano," nikamwambia.

"Kumi na tano nini?"

"Makosa. Mwachie Kanga hayo tu, mengine yote geuza yawe mapigo. Unajua mwenyewe uwanja ule una mawe, mpira unaruka ovyo. Nani atabishia?"

"Mawe," akasema. "Iantha, mletee kijana maji, jua limempiga."

"Don Silvano, mtoto wa doña Celestine atakwenda kupakia miwa."

"Najua. Mimi nilipima miwa iliyopakiwa na baba yake." Akakuna kidevu. "Niambie. Yule Olbés, mara ya mwisho umemwona akichafua suruali ni lini?"

Nilifikiri. Sikukumbuka.

"Hata mama yake hakumbuki," akasema, akainuka, akaingia ndani.

Alirudi na daftari ambalo sikuwahi kuliona. La ligi lilikuwa jekundu. Hili lilikuwa la kijani, lile la kiwandani la kuandikia uzito. Kila ukurasa alikuwa amechora uwanja kwa penseli, na ndani ya uwanja nukta, nyingi kama mdudu ametembea. Kila nukta ni mpira. Pembeni mwa kila nukta herufi: umedakwa, umedondoshwa, umepita.

"Kosa," akasema, "anaandikiwa anayegusa. Ndiyo kanuni, na mimi naifuata. Lakini ukiwa mpimaji unaona jambo jingine. Mkata miwa anayebeba mzigo mkubwa ndiye anayedondosha miwa njiani. Anayebeba mitatu hadondoshi hata mmoja. Sasa nani ameleta sukari?"

Akanisomea. Mwaka ule mipira mia tatu ya chini ilikwenda upande wa Kanga. Kwa mia mbili na kumi na minne alimtoa mtu. Thelathini na mmoja alidondosha au kutupa vibaya. Hamsini na mitano tu ilipita bila kuguswa. Upande wa Olbés ilikwenda mipira mia mbili tisini na sita. Aliotoa, mia na arobaini na wanane. Makosa, tisa. Na iliyopita huku yeye akiitazama kama mtu anayetazama mazishi ya jirani, mia na thelathini na tisa.

Nilizirudia hesabu zile kwa kidole. Watu sitini na sita ambao Kanga aliwatoa, na kwa Olbés wangekuwa vituoni wanajipangusa vumbi, halafu karatasi ya ligi inamwita Olbés hodari.

"Don Silvano," nikasema, nimesimama, "nipe hili daftari mpaka Jumamosi."

"Chukua. Ila utachukua lote."

"Lote ndiyo nini?"

Akafungua nyuma. Huko kulikuwa na wapigaji. Ukurasa wa Bembo ulikuwa na nukta kumi na sita zimejikusanya kushoto, na pembeni mwa kila moja alama ya mua. Ilikuwa mipira ya juu, dhaifu, inayoelea kama shuka iliyoponyoka kambani. Katika uwanja wowote mwingine duniani mlinzi angesimama chini yake, mkono mmoja kiunoni, akaidaka. Kwetu ilianguka kwenye miwa, na sheria ikampa Bembo vituo viwili. Don Silvano aliandika hata urefu wa miwa siku hiyo: magotini, kiunoni, juu ya kichwa. Miwa ikiwa juu ya kichwa Bembo alipiga manne kwa kila kumi. Ikishakatwa, walinzi wakasimama juu ya visiki, mawili. Ukitoa zile kumi na sita, mapigo hamsini na manane yanabaki arobaini na mawili, na mtu anayepiga arobaini na mawili katika zamu mia na sabini hutamsaini kwa fedha nzuri. Unamnunulia soda, unamsalimia mama yake.

Pale ndipo nilipoelewa habari ya baridi.

"Huu ukurasa ubaki," nikasema.

"Basi na daftari libaki."

"Nitauchana kwa ustadi. Hutaona."

"Nitahesabu."

"Nusu ya faida ya Bembo nakupa wewe."

"Mwanangu, nina miaka sabini na mmoja. Nitaifanyia nini? Nitamwongezea Iantha maneno?"

Kutoka jikoni doña Iantha akasema, "Mwambie na ramu yake asilete tena, ilikuwa chungu."

Nilitoka nje nikakaa kibarazani. Sitajifanya mwema. Bembo alikuwa na thamani ya Kanga mara kumi, na kwa muda kama wa kuvuta sigara mbili niliamua Kanga akapakie miwa. Kilichonigeuza ni biashara. Nilijiweka ndani ya viatu vya Ferrán. Mtu kama mimi anakuja na daftari lenye madoa ya chai, anasema mlinzi wake mwenye makosa mengi kuliko wote ndiye bora kuliko wote. Ningekuwa Ferrán ningecheka mpaka tumbo liniume. Kitu gani kingemfanya aamini? Kimoja tu: aone daftari lile lile linamkata koo aliyelileta. Ukurasa wa Bembo ndio ungeuza ukurasa wa Kanga. Bila ule, huu ulikuwa michoro ya mzee.

Nilirudi ndani. "Nalichukua lote."

"Najua," akasema don Silvano. "Nilikuwa nakungoja umalize sigara."

Ferrán alilisoma Alhamisi, kwenye meza ya hoteli, akigeuza kurasa kwa kidole kilicholowa juisi. Alipofika kwa Bembo alisimama. Akaugonga ukurasa kwa kidole.

"Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na unanionyesha hii?"

"Ni daftari moja, bosi. Halikatwi."

Akarudi mwanzoni, akaanza kusoma upya, taratibu.

Alasiri ile ile akawaita Kanga na Olbés uwanjani. Yeye mwenyewe alishika gongo refu la mazoezi, akasema atampigia kila mmoja mipira hamsini, mahali palepale kwa zamu. Akaagiza mwenye daftari aje kuhesabu. Don Silvano akaja na kiti, amefunga vifungo vyote. Doña Celestine naye alikuja, akasimama mbali kwenye nguzo ya wavu wa kukinga mipira, mikono ndani ya aproni.

Olbés alianza, na alikuwa wa kupendeza kumtazama. Karibu kila uliomfikia aliupokea kama anapokea mtoto mchanga. Usiomfikia aliuachia heshima zake. Halafu Kanga. Mpira wa nne akauparamia kulia, akaupata akiwa amelala, akasimama, akautupa juu ya kichwa cha mtu wa kituo cha kwanza, ukaenda kugonga paa la duka.

"Kosa!" akaita don Silvano, kwa sauti ya kusikika hadi kiwandani.

Nilimwinamia sikioni. "Don, kwa ajili ya Mungu, hili ni jaribio!"

"Kwa hiyo makosa yamepewa likizo? Niache niandike."

Alimwitia Kanga neno hilo mara tano alasiri ile, na kila mara doña Celestine aligeuza uso akatazama shamba. Kanga hakugeuka hata mara moja. Aliendelea kukimbia shingo mbele, suruali nyekundu kwa udongo mpaka mapajani, akiiendea hata ile ambayo Ferrán aliipiga makusudi ili isifikiwe. Mpira wa hamsini ulipokwisha alikaa chini palepale, akavua glovu, akaiweka kichwani.

Don Silvano akasimama akasoma kama alivyokuwa akisoma uzito, bila kupandisha wala kushusha. "Payano. Ametoa ishirini na tisa. Kosa moja. Iliyopita, ishirini. Hodge. Ametoa thelathini na wanane. Makosa matano. Iliyopita, saba."

Ferrán alijikuna tumbo. "Kutupa kunafundishika," akasema, kama anajisemea. "Kufika hakufundishiki." Kisha kwangu: "Mwambie Jumamosi aje na mama yake na cheti cha kuzaliwa. Cha kweli."

Sasa nieleze nani alipata nini, maana hapo ndipo watu huwa wanadanganya.

Kanga alisainiwa kwa fedha kidogo, sehemu ya kumi ya ile iliyokuwa ya Bembo. Zilitosha kuezeka upya nyumba ya doña Celestine kwa mabati mazito, na mwaka uliofuata kimbunga kilipopita kikazoa mapaa ya mtaa mzima, lile lilibaki. Alicheza misimu minne katika ligi za chini huko kaskazini. Hakufika juu. Goti lilimrudisha nyumbani, na leo anafundisha walinzi katika uwanja wangu, bado haongei.

Ferrán hakumsaini Bembo. Baba wa Bembo alinitukana kibarazani kwangu mbele ya majirani, akamhamishia kijana kwa yule mwenzangu wa Olbés, na mwezi haukuisha timu nyingine, isiyo na habari ya miwa, ikamsaini kwa fedha nyingi kuliko zile nilizozitarajia mimi. Bado inaniuma, siku za mvua zaidi. Bembo alidumu mwaka mmoja na nusu. Nasikia walisema ni baridi. Mimi faida yangu ilikuwa kwamba tangu siku ile Ferrán alinunua kwangu kwa neno langu tu, vijana sita katika miaka mitano, na sikumbembeleza hata mara moja.

Don Silvano alipoteza kiti chake. Baba wa wapigaji walikwenda kwenye kamati wakasema mwandika alama mwenye madaftari mawili ni jasusi, na kamati ikampa kazi mpwa wa mwenyekiti, kijana mkarimu sana wa mapigo. Don Silvano hakupigania. Nilipomwendea kumuuliza anataka nini kwa hasara aliyoipata, nilikwenda tayari kutoa, na yeye akaona.

"Mwambie Kanga," akasema, "aniandikie. Kila wiki. Anichoree uwanja, aniwekee nukta. Sijawahi kuona hesabu ya uwanja usio na miwa."

Na Kanga, asiyeandika hata jina lake bila kutoa jasho, alichora. Barua zilikuja misimu yote minne, viwanja vya penseli vyenye kuta pande zote, nukta zimejaa. Don Silvano alizisoma na doña Iantha mezani, akajumlisha, na kila mwezi alimrudishia kijana jibu la kurasa tatu: hapa umesimama ndani mno, hapa umechelewa kwa mpigaji wa kushoto, na hili uliloandika pigo, jieleze vizuri, linanukia kosa. Amejaza madaftari manne ya kijani. Nimejaribu kuyanunua. Hauzi. Stempu za majibu yote nililipia mimi.